Kichwa Wazi Mlangoni pa Bunge

Jehu Thornbury alikuwa fundi kofia, na kwa miaka michache alikuwa pia mjumbe wa Bunge la Pensilvania, siku ambazo jimbo lilikuwa bado chini ya Mfalme wa Uingereza. Ukiwauliza watu wa Mkutano wetu habari zake, wengi watakuambia mambo mawili tu: kwamba kofia zake hazikuvuja, na kwamba alitolewa katika ushirika wa Marafiki, dhehebu letu ambalo wengine huliita Wakweka. La kwanza halina ubishi. La pili ndilo linalonisumbua, maana kila nikilisimulia huona nimeliegemeza upande mmoja, na nikilisahihisha huona limelalia upande wa pili. Nitalieleza kwa utaratibu, na msomaji atalipima mwenyewe.

Sisi Marafiki hatumvulii mtu kofia. Hatumvulii hakimu, wala gavana, wala mfalme. Mwanamume wa Mkutano huvua kofia anapomwomba Mungu, au mwenzake anapopiga magoti kuomba kwa sauti, basi. Jambo hili lilinunuliwa kwa bei kubwa. Baba yake Jehu, aliyekuwa mfumaji huko Uingereza, aliletwa mbele ya hakimu akiwa amevaa kofia. Hakimu akaamuru askari aipige kwa fimbo ianguke. Mzee akainama, akaiokota, akaivaa tena. Alilala gerezani majira yote ya baridi, na alipotoka kifua chake hakikupona tena. Ndipo akaivuka bahari pamoja na mkewe, wakapata shamba dogo katika wilaya ya Chester, huku Pensilvania, na mwana wao alipokua wakampeleka kwa fundi kofia. Majirani walitania kwamba mzee amempeleka mtoto kusomea kosa la baba yake.

Jehu aliipenda kazi ile. Alikuwa na upinde mrefu uliotundikwa darini, uliokuwa na uzi mmoja wa utumbo wa kondoo, na alipoutetemesha juu ya rundo la manyoya ya sungura, manyoya yaliruka na kutua upya kama theluji nyepesi mezani. Kisha aliyakusanya, akayashindilia kwa maji yanayochemka mpaka yakashikana, akayavuta juu ya kalibu ya mti yenye umbo la kichwa, akayapaka gundi kwa ndani, akayapiga pasi. Vidole vyake vilikuwa vyekundu na vimekunjamana muda wote kwa sababu ya maji yale. Kofia aliyoitengeneza kwa ajili ya Marafiki ilikuwa pana, haina utepe wala bizimu, na ukingo wake haukukunjwa kwa madoido. Wasiokuwa Marafiki walizinunua pia, wakaenda kuzikunja wenyewe nyumbani.

Hakuwa msemaji. Katika Mkutano wetu, ambako watu huketi kimya mpaka mmoja asukumwe moyoni kusema, Jehu aliketi miaka mingi bila kusukumwa. Msemaji alikuwa mke wake, Tamar. Yeye alikuwa mhubiri aliyekubaliwa, mwenye nafasi yake katika benchi la mbele linalotazamana na watu, na sauti yake ilifika mpaka kwenye vibanda vya farasi. Jehu alizoea kusema kwamba Mungu, alipogawa maneno katika nyumba yao, aliona kazi ingekuwa rahisi akimpa mtu mmoja yote.

Aliyemwingiza katika Bunge ni Eliakim Hollis, karani wa Mkutano, rafiki yake tangu walipokuwa wakichunga kondoo pamoja. Kila vuli wilaya ilichagua wajumbe wake, na Marafiki waliokuwa wajumbe walikuwa wamezeeka. Eliakim alikuja dukani, akaketi juu ya gunia la manyoya, akasema Mkutano unamtazama yeye.

Jehu akamwambia hajui kusema mbele ya watu.

“Ndiyo sifa yako,” Eliakim akasema. “Wanaojua kusema wametujaa kule. Tunataka mmoja anayesikiliza.”

Tamar, aliyekuwa akipita na ndoo, akasema, “Kumbe nimeolewa na mheshimiwa, na sufuria bado ina tundu.”

Alichaguliwa. Mara kadhaa kwa mwaka alipanda farasi kwenda Filadelfia, akakaa katika ukumbi wa Bunge akiwa amevaa kofia yake, miongoni mwa Marafiki wengine waliovaa za kwao, nyingi zikiwa kazi ya mikono yake. Alikaa katika kamati za barabara, za vivuko, za ngozi zilizotengenezwa vibaya. Aliporudi nyumbani alinuka tumbaku ya watu wengine. Nadhani alifurahia, ingawa hakukubali. Alipata kumwambia Eliakim kwamba kutunga sheria kunafanana na kushindilia manyoya: kazi kubwa ni kuyafanya yashikane, na mtu hafiki huko kwa kuyapigia kelele.

Kisha vita vikaja mpakani. Walenape, wenyeji wa asili wa nchi ile, ambao wazee wetu walikaa nao muda mrefu pasipo bunduki upande wowote, walikuwa wamepunguziwa ardhi kwa hila mwaka baada ya mwaka, na sasa, wakichochewa na Wafaransa, wakaanza kuchoma mashamba ya wakulima wa milimani. Wakulima wale wengi walikuwa Wajerumani na watu wa Alsta kule Ayalandi, si wa Mkutano wetu. Walipeleka maombi Bungeni: wapewe bunduki, baruti na askari, vitu ambavyo imani yetu Marafiki inatukataza. Bunge, ambalo wengi wake walikuwa Marafiki, lilibishana na Gavana juu ya nani alipe kodi. Ubishi ule ulikuwa na haki ndani yake, sikatai. Lakini watu waliendelea kufa huku barua zikienda na kurudi.

Siku ile ilikuwa ya mwezi wa kumi na moja, na manyunyu yenye barafu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri. Wajumbe walisikia kelele barabarani, wakatoka mmoja mmoja mpaka kwenye ngazi za mlango. Gari la farasi lilikuwa limesimama mbele ya Bunge, na nyuma yake umati mkubwa. Ndani ya gari wakulima wa Kijerumani walikuwa wamewapanga wafu wao, waliowabeba mwendo wa siku nyingi ili waonekane. Miguu ya mmoja ilikuwa ya mtoto. Aliyeketi nyuma ya gari, karibu na wafu, alikuwa mwanamke mmoja, Barbara, aliyekuwa na maiti ya mume wake mle ndani. Alikuwa amejifunika blanketi la farasi.

Watu wa mjini waliokuwa wamesimama kando walivua kofia zao. Wajumbe wa Kanisa la Uingereza wakavua zao. Marafiki walibaki vile vile, safu ya kofia pana chini ya mvua, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa tangu utotoni, na kwa sababu kumvulia maiti si tofauti na kumvulia aliye hai. Hapakuwa na dharau ndani yake. Lakini kutoka kule garini sidhani ingewezekana kulijua hilo.

Barbara akawatazama. Kisha akasema, kwa Kiingereza kilichovunjika, si kwa sauti kubwa, “Sogeeni, waheshimiwa. Hawaumi.”

Mkono wa Jehu ukapanda, ukaivua kofia. Alisimama kichwa wazi, maji yakimtiririka shingoni, mpaka gari lilipogeuzwa na kuondoka kwenda kwa Gavana. Rafiki aliyekuwa kushoto kwake alimgusa kiwiko, kama mtu anayemwonyesha mwenzake kwamba kifungo kimefunguka. Jehu hakumwangalia.

Siku chache baadaye Bunge lilipiga kura. Lilikubali kutoa fedha nyingi, na kila mtu alijua zitanunua nini, lakini sheria yenyewe ilisema tu kwamba ni kwa matumizi ya Mfalme. Maneno yale yalikuwa ya zamani, na Marafiki wengi waliyatumia kama mtu anavyotumia shuka: hayaondoi kilichoko chini, yanakifunika tu. Wengi wao walisema ndiyo. Jehu alisema ndiyo. Wachache walikataa, wakatoka wakiwa wameinama. Kuhusu kura hiyo Mkutano wetu haukumwuliza Jehu chochote. Nimepekua moyo wangu mara nyingi juu ya jambo hili. Sheria iliyoamua watu wauawe ilipita kwa sababu ilivaa maneno mazuri. Kichwa cha fundi kofia hakikuwa na neno la kuvaa.

Habari ya kofia ilifika wilayani kabla yake. Mkutano wa mwezi ulimteua Eliakim, pamoja na Rafiki mwingine mzee, kwenda kumtembelea, kama ilivyo desturi mtu anapojikwaa. Walimkuta dukani. Rafiki mzee aliomba maji ya kunywa, akanywa, na hakusema kitu tena mpaka walipoondoka. Eliakim hakuketi juu ya gunia safari hii.

Alianza kwa kueleza mambo ambayo Jehu aliyajua. Mtu aliyepotoka huandika karatasi ya kukiri kosa lake, ikasomwa mbele ya Mkutano, na mambo yakaisha. Akikataa, Mkutano huandika kwamba yeye si mmoja wao. Hafukuzwi mlangoni, anaweza kuja kuabudu na kuketi kama mgeni yeyote. Lakini shughuli za Mkutano zinapoanza hutoka nje. Hapangiwi kazi, hashirikishwi katika uamuzi, hahesabiwi kuwa wa watu wale. Kwa mtu ambaye baba yake alipoteza kifua chake kwa ajili ya watu wale, hicho si kitu kidogo. Jehu hakuwa na watu wengine.

Kisha Eliakim akafunga mlango wa duka.

“Jehu, sikuulizi kwa nini ulivua,” akasema. “Nakuuliza jambo moja. Ulikuwa unaomba?”

Jehu akachukua kalibu iliyokuwa mezani, akaigeuza.

“Maana kama ulikuwa unaomba, hapana kosa hapa. Mtu humvulia Mungu popote, hata barabarani. Hutahitaji kukiri chochote. Nitaandika mstari mmoja, tutakwenda kula.”

“Eliakim.”

“Usinijibu sasa. Mkutano ni mwezi ujao. Nenda ukajikumbuke.”

Nimesimuliwa kwamba alipofika kwa farasi wake, Eliakim alisimama muda mrefu akiwa ameshika hatamu, na Rafiki mzee akamwambia kwamba amempa Jehu mlango mpana wa kutosha kupitisha ng’ombe. Eliakim akajibu kwamba anamfahamu Jehu, na hilo ndilo linalomtia hofu.

Jehu alijikumbuka kweli. Hakuwa mtu wa kujifanya shujaa wa ukweli. Alitaka kupata kwamba aliomba. Alifanya kazi kimya, akiunguza kofia kwa pasi, isivyo kawaida yake, akijaribu kurudi kwenye ngazi zile. Je, palikuwa na neno lolote kwa Mungu kichwani mwake mkono ulipopanda? Hata “Ee Bwana”? Mtu akitafuta sana kumbukumbu ya namna hiyo, kumbukumbu huanza kumtii. Baada ya wiki mbili, alimwambia Tamar, alikuwa anaanza kulisikia neno hilo, na ndipo akaogopa.

Walikuwa mezani, mbele ya uji wa mahindi na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Tamar alikuwa ameomba Mkutano umpe cheti cha kusafiri kusini kuhubiri, na ombi lake lingesikilizwa siku ile ile ya Jehu. Mke wa mtu aliyetolewa haondolewi pamoja na mumewe, lakini ni rahisi kuona jinsi watu watakavyomtazama kwenye benchi la mbele. Hakulitaja hilo.

“Ukisema uliomba,” akasema, “mimi nitakuamini.”

“Najua. Ndiyo sababu siwezi kusema.”

Tamar akakoroga uji wake. “Kwa nini basi ulivua?”

“Yule mama alisema hawaumi.”

“Kwa hiyo ulitahayari.”

“Kidogo. Lakini si hilo.” Akatafuta maneno, naye si mtu wa maneno. “Sikuwa nimempa kitu. Miezi yote ile nilikaa pale, tukabishana juu ya kodi, na yeye hakupata kitu kutoka kwangu. Ile kofia ndiyo ilikuwa karibu.”

Tamar akamsogezea bakuli lake. Halafu akamwambia ale, uji unapoa.

Siku ya Mkutano wa mwezi, baada ya ibada, zile mbao zinazotenganisha wanaume na wanawake zilishushwa, maana kila upande hufanya shughuli zake peke yake. Tamar alikuwa upande wa pili. Eliakim aliketi mezani na wino wake. Hapa pana jambo ambalo wajumbe wengi wa Bunge, wakija kwetu, hulishangaa: Mkutano haupigi kura. Hakuna ndiyo wala hapana ya kuhesabiwa. Watu husema waliyo nayo, hukaa kimya, na karani husikiliza kimya kile mpaka ajue Mkutano umefika wapi. Kisha huandika, husoma, na kama hakuna anayesimama kupinga, ndivyo ilivyo. Kwa hiyo mkono wowote ambao ungemtoa Jehu, kalamu ingekuwa ya Eliakim.

Jehu alisimama bila kuitwa.

“Marafiki,” akasema, “karani alinipa swali zuri, na nimelitumia mwezi mzima. Sikuwa naomba.”

Alikusudia kuketi, lakini akaona bado wanamtazama.

“Ningependa ningekuwa naomba. Niliwavulia wale watu. Waliokufa na yule mama. Nikisema leo kwamba nilimvulia Mungu, nitakuwa nimewanyang’anya, na sikuwa nimewapa kingine.”

Rafiki mmoja upande wa dirisha akamwuliza, bila ukali, kama anasikitika kwa kitendo chake.

“Nasikitika kwamba kimewahuzunisha ninyi.”

“Si hilo nililouliza, Jehu.”

“Najua silo.”

Mzee aliyekuwa ameomba maji dukani alisimama kwa shida, akapendekeza jambo hilo lingoje mwezi mwingine, kwa kuwa mioyo hulainika. Wengine wawili walisema vivyo hivyo. Ilikuwa njia ya huruma, na Mkutano ungeifuata. Lakini Jehu akasema angeomba wasingoje. Akasema kwamba akipewa mwezi mwingine anaogopa atalipata lile neno, na hatakuwa na hakika limetoka wapi.

Wote walimgeukia Eliakim. Alikaa na kalamu mkononi mpaka wino ukakauka, akachovya tena. Mimi, niliyeishi na wasiwasi wangu mwenyewe, sijui ningefanya nini mahali pake. Angeweza kuandika kwamba Mkutano haujaona njia. Hakuna ambaye angempinga. Lakini karani haandiki anachokitaka. Huandika alichokisikia, na alichokisikia ni mtu aliyeulizwa kama anajuta akajibu kwamba hajuti. Akaandika. Akasoma kwa sauti ile ile anayosomea habari za paa linalovuja: kwamba Jehu Thornbury, kwa kumpa binadamu heshima ya mwili inayomstahili Mungu peke yake, na kwa kutokubali kulilaani jambo hilo, amejiondoa katika umoja wetu, mpaka atakapopata nuru ya kurudi, jambo tunalomtakia. Hakuna aliyesimama.

Kwa kuwa shughuli zilikuwa bado, Jehu ilimbidi atoke. Alipita katikati ya mabenchi, akafungua mlango mwenyewe, akaufunga taratibu ili usipige.

Aliketi katika kibanda cha farasi mpaka wanawake walipomaliza. Tamar alitoka akiwa amefunga kitambaa chake vibaya.

“Nilisikia,” akasema. “Mbao zile hazizuii kitu.”

“Na wewe?”

“Wamenipa cheti.” Akapanda farasi nyuma yake, akamshika kiunoni. “Nitaenda miezi mitatu. Nani atakupikia?”

“Nitakwenda kwa majirani. Watanisema, lakini watanilisha.”

Wakashika njia ya nyumbani. Karibu na kivuko Jehu alihisi paji la uso la mkewe limeegemea mgongoni mwake, naye hakugeuka kumtazama.

Alijiuzulu Bunge kabla ya uchaguzi. Vuli iliyofuata watu wa mpakani walimtuma mtu kumwambia kwamba wao watamchagua, Rafiki au si Rafiki, kwa ajili ya ile kofia. Jehu alimkaribisha mgeni yule, akampa maji ya tofaa, akakataa. Alimwambia hakuivua ili ipigiwe kura. Mgeni alikasirika kidogo, akanunua kofia, akaondoka.

Kila Siku ya Kwanza, yaani Jumapili, alirudi katika Mkutano, akaketi benchi la mwisho karibu na mlango. Shughuli zilipoanza alitoka. Marafiki waliendelea kununua kofia kwake, naye aliendelea kuzitengeneza pana na bila utepe. Hakuna aliyemtendea ubaya, na nadhani kwa namna fulani hiyo ilikuwa ngumu zaidi, kwa maana hakuwa na kitu cha kusamehe.

Eliakim alikuja dukani kila mwaka, mara nyingi majira ya baridi yakikaribia. Hakuhitaji kofia kila mwaka. Aliketi juu ya gunia, walizungumza juu ya kondoo na bei ya chumvi na magonjwa yao. Alipokuwa akiondoka, mkono ukiwa tayari mlangoni, aliuliza bila kumtazama, “Bado?”

“Bado,” Jehu alijibu.

Ilikuwa hivyo mpaka walipozeeka wote wawili, na vita vingine, vikubwa zaidi, vikaja na kumwondoa Mfalme mwenyewe. Siku moja Eliakim alianguka shambani, na asubuhi yake akafariki. Jehu alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi, kwa kuwa kuchimba hakuhitaji ushirika. Mkutano ukapata karani mpya, mtu mwema, mwenye shughuli nyingi, aliyekuta jina la Thornbury limeshaandikwa na kufungwa zamani. Baridi ikaja, ikapita, na hakuna aliyekuja dukani kumwuliza.